Nyumba Njema Si Mlango: Askari na Makazi Yake Baada ya Kambi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wahenga waliosema hayo walikuwa watu wa bahari, lakini maneno yao yanamhusu sana askari wa nchi kavu. Askari hukaa miaka ishirini, pengine na zaidi, akihama kutoka kambi hadi kambi na kutoka kituo hadi kituo. Popote afikapo hupewa chumba kilichojengwa na mtu asiyemjua, kwa ramani ambayo hakuulizwa, na mlangoni pake huandikwa namba. Hatimaye siku huwadia ambapo hurudisha sare, hutia saini karatasi zake, na kurejea kwao na kiinua mgongo. Siku hiyo, pengine kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake, huwa na hiari ya kujiuliza: Je, mimi na watu wangu tutakaa katika nyumba ya namna gani?

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya swali hilo. Hayakusudii kumwonyesha askari majumba ya kifahari ili ayatamani. Yanakusudia kuonyesha kwamba nyumba yenye sura yake yenyewe, nyumba ambayo mpita njia huitazama mara mbili na mwenyewe hukaa ndani yake kwa raha, haitokani na wingi wa fedha. Hutokana na kufikiri kabla ya kuchimba msingi.

NYUMBA ILIYOJENGEWA BARABARA

Mwandishi wa makala haya ana jamaa yake, mzee aliyelitumikia jeshi hadi cheo cha sajini, ambaye makazi yake yako karibu na mji wa Masindi. Alipostaafu alichukua picha ya nyumba moja aliyoiona mjini, akampa fundi, akamwambia amjengee kama ile. Fundi akajenga. Mbele ziliinuka nguzo nne nene za zege, na dirisha pana la vioo likaelekezwa barabarani, ili kila apitaye ajue kwamba mzee amerudi.

Kwa bahati mbaya barabara ile iko upande wa magharibi. Tangu saa nane mchana hadi machweo, miale ya jua hupenya dirisha lile na kuigeuza sebule kuwa tanuri. Nguzo zilikuwa zimemeza saruji nyingi, hivyo fedha zikamalizika kabla ya kufikia dari. Mabati yakabaki wazi, na mvua inyeshapo mtu hamsikii mwenzake. Watoto sita wakalala katika chumba kimoja, kwa kuwa sebule ya wageni ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya vyumba viwili.

Ukimtembelea mzee huyo wakati wa alasiri, hutamkuta sebuleni. Utamkuta nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, ameketi jamvini pamoja na mkewe. Mama huyo hutania kwamba mumewe aliijengea barabara nyumba nzuri, na wao wawili wakajengewa na mwembe. Ni mzaha, nasi tulicheka. Hata hivyo kiinua mgongo hakilipwi mara mbili, na anayeujua vizuri uzito wa jambo hilo ni yule aliyekwisha kukitumia.

FUNZO LA "MAMA INGIA POLE"

Tusimlaumu mzee wetu kupita kiasi. Mtu aliyekaa miaka mingi katika chumba cha serikali hutamani kuonekana na watu siku anapopata chake. Lakini chumba kile kile cha serikali, tukikitazama kwa makini, kinaweza kuwa mwalimu mwema.

Kila polisi wa Uganda anayajua mabanda ya bati ya mviringo yaliyopewa jina la utani la "Mama ingia pole", kwa sababu mlango wake ni mfupi na mtu hana budi kuinama anapoingia. Banda la namna ile lina faida yake: hufunguliwa, hubebwa, na kusimamishwa mahali pengine kwa muda mfupi. Kama hifadhi ya safarini, linafaa. Taabu ilianza pale lilipogeuzwa kuwa makazi ya miaka na miaka. Bati hupokea joto upesi na kulipoteza upesi, kwa hiyo mchana humo ndani ni moto na usiku ni baridi. Chumba ni kimoja, na ukuta baina ya wazazi na watoto ni pazia la kitambaa. Humo watu wazima wamelea wana hadi wakafikia umri wa kuona haya, na humo mke wa askari amejaribu kuwatunzia heshima watu wote wa nyumba kwa upana wa khanga moja.

Basi aliyeishi humo hahitaji kuambiwa na mtaalamu nyumba ni nini. Anajua kwamba mwanadamu anahitaji kivuli, hewa, faragha, na mahali pa kuweka vitu vyake. Kabla ya kutafuta picha mjini, askari na aketi na mkewe, waandike yote waliyoyakosa kambini. Orodha hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya nyumba yao. Tukiishika orodha hiyo mkononi, tutembee sasa kidogo, tuone wenzetu walivyozijibu haja hizo hizo.

LAMU: WALIOJENGA KWA AJILI YA FARAGHA

Katika kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya, ziko nyumba za mawe ambazo sifa yake imeenea duniani, hata mji huo mkongwe ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini atakayepita katika vichochoro vyake hataona nguzo wala madirisha makubwa. Ataona kuta ndefu zisizo na mapambo, na mlango wa mbao ulionakshiwa. Mbele ya mlango pana daka, yaani kibaraza kifupi chenye viti vya mawe kila upande. Hapo mwenye nyumba huketi na mgeni asiye wa karibu, wakazungumza na kuagana, bila mgeni kuingia ndani na bila kuvunjiwa heshima.

Aingiaye hukata kona kabla ya kufika uani, hivyo mlango ukiwa wazi macho ya njiani hugonga ukuta. Ua wa ndani, uitwao kiwanda, hauna paa. Huo ndio huleta mwanga na hewa nyumbani. Baada ya ua hufuata misana, kumbi ndefu nyembamba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na mwisho kabisa ni ndani, chumba cha wenyewe. Kila hatua mtu anayopiga humtoa katika ulimwengu wa watu wote na kumwingiza katika ulimwengu wa jamaa.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba kwa sababu inayoeleweka. Paa lake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali. Upana wa chumba huwa chini ya mita tatu. Mti wenyewe ndio uliotoa kipimo. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia joto la mchana. Ndani ya unene huo wa ukuta wajenzi walichonga zidaka, vijumba vidogo vilivyopangwa safu juu ya safu, ambamo vyombo vya kauri na vitabu huwekwa. Hivyo ukuta ukawa kabati na pambo kwa pamoja.

Askari wa bara hawezi kuichukua nyumba ya Lamu kama ilivyo, wala hana sababu. Anaweza kuchukua fikira yake. Baraza ya mbele iwe ya wageni. Sebule iwe ya wastani. Vyumba vya kulala vipangwe nyuma, mlango usitazamane na mlango, na watoto wa kike na wa kiume wawe na mahali pao mbalimbali. Hayo hayaongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

KASUBI NA UGOGO: MAHALI HUTOA UMBO

Hapa hapa Uganda, juu ya kilima cha Kasubi mjini Kampala, Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, nalo likawa kaburi lake alipofariki mwaka 1884. Jumba kuu, liitwalo Muzibu-Azaala-Mpanga, ni la mviringo. Upana wake ni kiasi cha mita 31, na urefu wake kwenda juu, kwa ndani, ni mita 7 na nusu. Limejengwa kwa miti, matete na nyasi. Katika dari yake zimo pete 52, kila moja ikiwa ni ya ukoo mmoja wa Buganda, na kazi ya kuezeka ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye. Jumba hilo liliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Watu wakalia, kisha wakaanza kulijenga upya kwa njia zile zile, na mwaka 2023 likaondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kasubi inatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba nyasi na matete, vitu ambavyo wengi wetu huviita vya kimaskini, viliweza kumhifadhi mfalme katika jumba ambalo watu wa mbali husafiri kuja kulitazama. La pili ni kwamba nyasi na moto ni maadui. Atakayeezeka nyasi na atenge jiko lake mbali na nyumba.

Twende Ugogo, katikati ya Tanzania, ambako mvua ni haba na miti mirefu si mingi. Huko Wagogo walibuni tembe, nyumba fupi ya miti na udongo, yenye paa bapa lililofunikwa udongo, iliyozunguka ua ambamo ng'ombe hulala salama. Paa zito la udongo hupunguza ukali wa jua. Lakini tembe hiyo hiyo ukiijenga Kabale au Jinja, mvua itaibomoa msimu wa kwanza. Je, Mgogo alikosea? La. Alijenga kwa kuangalia mbingu yake na ardhi yake. Anayekosea ni yule anayechukua umbo la mahali pengine akalipandikiza kwake bila kuuliza mvua inatoka wapi na jua linachwea upande gani.

MAFUNDI WAWILI WALIOSIKILIZA, NA KOSA MOJA

Katika karne iliyopita walitokea wasanifu wawili ambao kazi zao zafaa kujulikana na kila mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kujenga.

Wa kwanza ni Hassan Fathy, Mmisri aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, miti na vyuma viliadimika nchini Misri. Fathy akaenda kusini, karibu na Aswan, akawakuta waashi wa Kinubi wanaojua kuezeka nyumba kwa matofali ya udongo mkavu, wakiyapinda kuwa tao na kuba bila kutumia ubao hata mmoja wa kushikilia. Ujuzi huo ulikuwa wa kale mno, nao ulikuwa umedharauliwa na wasomi. Fathy akawafanya waashi hao walimu wake. Mwaka 1945 akaanza kujenga kijiji kizima cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, chenye nyumba, msikiti, soko na shule, vyote vya udongo na vyote vizuri vya kutazamwa.

Lakini jambo moja likaharibika. Serikali ilitaka kuwahamisha wenyeji wa Gourna ya zamani, waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, na wao hawakutaka kuhama. Wengi wao wakakataa nyumba mpya, na kijiji kikaachwa kabla ya kukamilika. Basi hata mjenzi hodari, akijengea watu ambao hawakukubali, hujenga magofu. Baba wa nyumba anayejenga bila kumwuliza mama wa nyumba na alitafakari hilo.

Wa pili ni Laurie Baker, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1917. Wakati wa vita hakubeba bunduki. Alihudumu katika kikosi cha kutibu wagonjwa na majeruhi huko China. Akiwa njiani kurudi kwao alikutana na Mahatma Gandhi mjini Bombay, ambaye alimpa fikira kwamba nyumba ijengwe kwa vitu vinavyopatikana katika eneo la maili tano kutoka mahali pa kujengea. Baker akarudi India mwaka 1945, akakaa huko hadi kufa kwake mwaka 2007, na katika jimbo la Kerala akajenga nyumba nyingi za watu wa kawaida.

Baker alipenda ukuta wa matofali yanayosimamishwa kwa ubavu, safu mbili, na katikati yake pakiachwa uwazi. Ukuta wa namna hiyo huokoa kiasi cha robo ya matofali, na hewa iliyofungwa katikati hupunguza joto. Aliyaacha matofali wazi bila kuyapaka lipu, akiona rangi yake yatosha kuwa pambo. Mahali pa dirisha la vioo aliweza kuweka ukuta wenye matundu yaliyopangwa kwa nakshi. Matundu hayo huingiza upepo na mwanga mpole, humzuia mwizi, na jioni taa ikiwashwa ndani, nyumba nzima humetameta kwa nje. Hiyo ndiyo nyumba ambayo mpita njia huitazama mara mbili, na gharama yake imepungua.

YA KUZINGATIA KABLA YA KUCHIMBA MSINGI

Tukirudi kwetu, hebu tuyapange mafunzo hayo kwa utaratibu, kama ilivyo desturi ya askari.

Kwanza, jua. Uganda imekatwa na mstari wa ikweta. Jua letu huchomoza mashariki na kuchwea magharibi, na adhuhuri hupita karibu na utosi. Kwa hiyo kuta ndefu za nyumba, zenye madirisha, zielekee kaskazini na kusini. Kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, na madirisha yake yawe madogo au yawekewe kivuli cha baraza au miti. Paa litokeze nje ya ukuta walau sentimita 60, lipe ukuta kivuli na kuuzuia usipigwe na mvua. Joto kubwa la mchana huja kutoka juu, basi dari isiwe jambo la mwisho kufikiriwa. Fedha za nguzo nne za mzee wetu zingefaa zaidi kama zingetangulia kwenda darini.

Pili, upepo. Chumba chenye dirisha moja hakipumui. Kila chumba kiwe na matundu pande mbili, moja la kuingizia hewa na jingine la kuitolea, na lile la kutolea liwe juu zaidi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda.

Tatu, ukuta. Matofali ya kuchoma ni mazuri, lakini tanuru lake hula kuni nyingi, na misitu yetu inapungua. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá nchini Colombia, mhandisi Raúl Ramírez alibuni mashine ndogo ya mkono ya kushindilia udongo, na mashine za jamii hiyo zimeenea hadi kwetu. Udongo mwekundu wenye mchanga wa kutosha huchanganywa na saruji kidogo, kiasi cha sehemu 5 hadi 10 katika kila mia, ukatiwa maji machache na kushindiliwa. Tofali hilo halichomwi. Huwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji kwa majuma kadhaa hadi likomae. Atakayeharakisha hatua hiyo atapata tofali linalomomonyoka. Udongo nao upimwe kwanza: utiwe katika chupa ya kioo pamoja na maji, utikiswe, uachwe utulie. Mchanga utazama chini na udongo laini utakaa juu, nawe utaona kwa macho kipi kimezidi.

Nne, maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Nyumba yenye paa la mita 100 za mraba, mahali panapopata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa kupotea, zinabaki lita 80,000, ambazo bila mfereji na tangi huishia kuchimba makorongo uani, huku mama na watoto wakienda kisimani na madumu. Tangi na lichorwe katika ramani tangu mwanzo.

Tano, hatua. Kamanda mwenye busara hasogezi kikosi chote kabla ya kujua chakula kitatoka wapi. Vivyo hivyo askari asianze nyumba ya vyumba sita kwa fedha za vyumba viwili. Na ajenge vyumba viwili na baraza, aezeke, atie dari, milango na madirisha, na choo safi, ahamie. Ukutani aache meno ya matofali ili sehemu ya pili ije kushikamana baadaye. Nyumba ndogo iliyokwisha humlaza mtu. Nyumba kubwa isiyokwisha humkosesha usingizi.

Sita, usimamizi. Wengi wetu hujenga tukiwa mbali, kazini. Mapatano na fundi yaandikwe, malipo yagawanywe kwa hatua, na kila hatua ikaguliwe kabla ya kulipia inayofuata: msingi, kuta, lenta, paa. Simu ya mkononi siku hizi yaweza kuleta picha, lakini picha haionyeshi kipimo cha saruji. Awepo mtu mwaminifu mahali penyewe, mwenye timazi na pima maji, asiyeona haya kumwambia fundi abomoe safu iliyopinda.

NDANI YA NYUMBA

Nyumba ikisimama, wengi hukimbilia duka la samani na kununua makochi mazito kwa mkopo, yakajaza sebule hadi mtu apite kwa ubavu. Askari hana haja ya hayo. Amezoea kuweka kila kitu mahali pake na kuishi na vitu vichache vilivyo safi. Tabia hiyo ni mtaji mkubwa katika kupamba nyumba.

Baraza za matofali zilizojengwa pamoja na ukuta, zikawekewa magodoro membamba na vitambaa vya rangi, huketisha wageni wengi na hazivunjiki. Zidaka mfano wa zile za Lamu, zikiachwa wakati ukuta unapojengwa, huondoa haja ya kabati. Sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta hung'aa kwa miaka mingi.

Mapambo tunayo kwetu. Katika kusini-mashariki mwa Rwanda iko sanaa iitwayo imigongo, ambayo huumbwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Hupandishwa juu ya ubao au ukuta kuwa mistari na pembe, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sisi Uganda tunacho kitambaa cha gome la mutuba, kigongwacho kwa nyundo ya mti hadi kiwe laini na chenye rangi ya kahawia iliyokolea. Ufundi wake uliheshimiwa na Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la elimu na utamaduni, mwaka 2005. Kipande kimoja cha gome hilo, kikitundikwa katika ukuta mweupe, huipa sebule utulivu ambao picha za dukani hazina. Na ukuta mmoja utengwe kwa kumbukumbu: picha ya kikosi, nishani, na sura za wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Wajukuu watauliza majina yao, nao watajibiwa.

MAMA WA NYUMBA NA KARATASI ZA ARDHI

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Kazi ya askari na polisi ni kazi ya hatari. Nyumba anayoijenga yaweza kuwa nyumba ambayo mkewe atabaki nayo peke yake. Kwa hiyo jiko na liwekwe mahali ambapo aliye jikoni huliona lango. Chumba kimoja kiwe na mlango wake wa nje, ili siku ya haja kipangishwe. Na karatasi za kiwanja ziwe kamili, zihifadhiwe mahali ambapo mke anapajua. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake, hairuhusu ardhi ambayo jamaa wanaishi juu yake na kuitegemea iuzwe bila idhini ya mume au mke. Sheria hiyo ni ngao. Lakini ngao isiyojulikana haimkingi mtu, hivyo mke na aijue mapema, mumewe angali hai na mwenye afya.

Tulipomtembelea mzee wa Masindi mara ya mwisho, tulikuta mabadiliko. Upande wa magharibi amejenga baraza pana yenye paa la chini, na mbele yake amepanda miti ya kivuli. Sebule kubwa imekatwa kwa ukuta wa matofali yenye matundu, ikawa sebule ndogo na chumba cha wasichana. Dari ilikuwa imekwisha kutiwa nusu ya nyumba, na nusu iliyobaki ilikuwa ikingoja mavuno ya mahindi. Tulipomwuliza ni msanifu gani aliyemchorea, alielekeza kidole chini ya mwembe. Pale mkewe alikuwa ameichora nyumba yote mchangani kwa kijiti, chumba baada ya chumba, naye mzee akasimama pembeni, mikono nyuma, akisikiliza kama askari mbele ya afande wake.

Nyumba njema si mlango, ndugu askari. Fungua uingie ndani, uone kama wenyewe wamekaa kwa raha.